Kupima mafuta tete (mafuta ya harufu yanayopaa upesi) ya kivumbasi: kutoka jani hadi grafu

Kivumbasi cha Sikonge na cha Urambo, hapa Tabora, vinaweza kuwa aina moja ya mmea na bado mafuta yakatofautiana: kimoja kikajaa kemikali iitwayo eujenoli, yenye harufu ya karafuu, kingine kemikali nyingine, thaimoli. Jina pekee halikuambii kilichomo. Pima.

Hatua ya 1. Chuma majani asubuhi umande ukikauka, mmea ukiwa na maua. Anika kivulini siku 5 hadi 7, hadi jani livunjike ukilikunja. Juani mafuta hupaa. Tawi moja lenye maua libane ndani ya gazeti, mtaalamu wa mimea athibitishe aina.

Hatua ya 2. Tia gramu 100 kwenye chupa ya duara ya lita 2, ongeza lita 1 ya maji yaliyokenekwa, unganisha kifaa cha Clevenger (cha kioo, hupoza mvuke na kukusanya mafuta kwenye bomba lenye vipimo), chemsha saa 3. Hapa Tabora, mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96. Usizidishe moto kwa hilo. Hatari iko kwenye maji ya kupozea. Oktoba maji ya tangi huwa ya moto, mvuke haugeuki wote kuwa kimiminika, na ukisikia harufu kali juu ya kondensa (sehemu inayopoza mvuke) ujue mafuta yanaondoka. Zungusha maji ya barafu kwa pampu ndogo.

Tena, eujenoli ni nzito kuliko maji. Matone huzama na kurudi kwenye chupa, nawe unadhani majani hayana kitu. Kabla ya kuanza, weka mililita 0.5 ya zailini (kiyeyusho chepesi kuliko maji) kwenye bomba la vipimo iyanase mafuta, kisha utoe hiyo 0.5 kwenye hesabu ya ujazo.

Hatua ya 3. Kausha mafuta kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji. Jaza kichupa cha kahawia hadi shingoni, kifuniko kiwe na utando wa tefloni (mpira huliwa), hifadhi kwenye nyuzi 4.

Hatua ya 4. Changanya mikrolita 10 za mafuta na mililita 1 ya heksani (kiyeyusho), ingiza mikrolita 1 kwenye mashine ya kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi: ya kwanza hutenganisha kemikali, kila moja ikitoka kwa dakika yake kama kilele kwenye grafu, ya pili huchora spektra, yaani alama ya utambulisho ya kila moja. Anza joto la nyuzi 60, panda nyuzi 3 kwa dakika hadi 240.

Hatua ya 5. Usiamini maktaba ya mashine (spektra zilizohifadhiwa za kulinganishia) peke yake: thaimoli na kemikali ndugu yake kavakroli zina spektra zinazokaribia kufanana. Pitisha pia mchanganyiko wa alkani, kemikali za rula: yenye kaboni 13 (C13) hupewa namba 1300, C14 namba 1400. Tuseme C13 imetoka dakika 24.10, C14 dakika 28.30, na kilele chako 26.50: 2.40 gawanya kwa 4.20 ni 0.57, kwa hiyo faharisi, yaani nafasi ya kilele kwenye rula hiyo, ni 1357. Kwenye kolamu (bomba jembamba la kutenganishia ndani ya mashine) ya aina ya DB-5 hiyo ni eujenoli; thaimoli ingekuwa karibu 1290.

Asilimia ya eneo la kilele si asilimia ya uzito. Iandike hivyo kwenye ripoti.