Kabla hujamdunga mbwa sindano ya homa

Mbwa akishikwa na homa hapa Nakuru, wengi hukimbilia agroveti, hununua oksi (antibayotiki ya oksitetrasaiklini), na jirani anayejua kudunga hummalizia kazi. Mara nyingi homa yenyewe ni ya kupe, na mbwa hupona. Balaa huja bakteria wakiwa wameingia kwenye damu na kujibanza kwenye vali za moyo, yaani vilango vya kupitishia damu. Sindano mbili tatu humshusha joto, mwenye mbwa hufurahi, kisha homa hurudi, na damu ikipelekwa maabara bakteria huenda wasiote, yaani wasionekane.

Kwa hiyo damu itolewe kabla ya antibayotiki. Chupa moja haitoshi: daktari wa mifugo huchukua kama mara tatu, kila mara kwenye mshipa tofauti, baada ya kunyoa manyoya na kusafisha ngozi vizuri, la sivyo vijidudu vya ngozini vitaharibu majibu. Uliza mapema, mbwa akiwa mzima, ni maabara gani itapokea damu hiyo, na picha ya moyo inapigwa wapi. Huenda ukaambiwa Nairobi, basi nauli na gari la kubeba mbwa mkubwa uyafikirie sasa.

Kipimajoto kiwe nyumbani. Hupimwa njia ya haja kubwa, na mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Akilala, hesabu pumzi: zikizidi 30 kwa dakika, usingoje. Dalili nyingine: leo anachechemea mguu wa mbele, kesho wa nyuma, mwiba huuoni? Mrekodi kwa simu, kwa sababu akifika kliniki anaweza kutembea kama askari.

Ugonjwa huu wa bakteria kwenye vali za moyo si wa kila siku, na huwapata zaidi mbwa wakubwa wa umbo waliokwisha pevuka. Kwa mbwa mchanga, shuku moyo wenye kasoro ya kuzaliwa, hasa njia nyembamba chini ya vali ya aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni), inayoonekana kwa Rottweiler, Boxer na German Shepherd. Anayenunua mtoto wa mbwa wa ulinzi Lanet au Njoro amsikilizishe moyo kabla ya kumaliza kulipa. Mvumo mdogo (sauti ya ziada ya moyo) huweza kuisha akifika miezi mitano; ukibaki, apigwe picha.

Pesa nazo: dawa za mshipani wiki moja au mbili, kisha vidonge wiki sita hadi nane, na bado wengi hufa, hasa vali ya aota ikiguswa. Vidonge visikatizwe eti kwa sababu leo amemaliza ugali.