Ukihama nyumba Marekani, iambie mahakama yenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi, shauri langu la uhamiaji linaitwa mahakamani, mimi nilikuwa ghalani napanga maboksi. Jaji akasikiliza upande mmoja na kutoa amri niondolewe nchini. Wito ulikuwa umetumwa kwenye anwani yangu ya zamani. Binamu yangu aliupokea, akauweka kwenye droo pamoja na matangazo ya piza, akisubiri nije Krismasi anikabidhi barua zote kwa pamoja. Bahasha hata haikufunguliwa. Simlaumu, ana moyo mzuri, lakini ninyi mnaopokea barua za ndugu zenu, bahasha ya serikali haisubiri sikukuu. Ipige picha siku hiyohiyo, uitume.

Mtego ulionikamata ni huu. Nilipohama nilijaza AR-11, fomu ya kubadili anwani, ndani ya siku 10 kama sheria inavyotaka, na posta nikatoa taarifa, nikaona nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. AR-11 inakwenda USCIS, idara ya huduma za uraia na uhamiaji, iliyo chini ya wizara ya usalama wa ndani. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria, na zina fomu yao, EOIR-33, unayotakiwa kuiwasilisha ndani ya siku 5 za kazi. Haina ada. Nakala moja mahakamani, nyingine kwa mawakili wa serikali. Narudia: AR-11 siyo EOIR-33. Ukijaza moja, hujajaza nyingine. Wito ukitumwa kwenye anwani ya mwisho uliyoipa mahakama, wanahesabu umeupata.

Kwetu samansi huweza kupitia kwa mtendaji wa mtaa, na usipoonekana, jirani atakwambia kuna watu walikuja kukuulizia. Huku hakuna wa kukuulizia. Haki ya kusikilizwa wanayo, kama tulivyo nayo kwenye Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu ya Tanzania, ila kwa maoni yangu wameiacha mikononi mwa posta. Juni 2024, katika kesi ya Campos-Chaves, Mahakama yao ya Juu iliamua kwa majaji 5 dhidi ya 4: hata kama hati ya kwanza ya kukuita haikuwa na tarehe wala saa, wito wa baadaye ukizitaja, amri iliyotolewa bila wewe kuwepo inasimama. Kwa hiyo ukipewa hati isiyo na tarehe, usikae ukidhani kesi haijaanza.

Ukishaamriwa, omba shauri lifunguliwe upya. Kama hukupewa wito ipasavyo, ombi halina ukomo wa muda. Kama ulizuiwa na jambo zito, mfano ugonjwa mkubwa, ni siku 180. Nafasi ni moja, basi tafuta wakili, serikali haikupi. Utekelezaji wa amri husitishwa mpaka jaji aamue ombi hilo.

Mama ananipigia kutoka Tanga, ananisihi nisikanyage tena mahakamani wasije wakanikamata. Mama yangu, kutofika ndiko kulikonifikisha hapa. Ombi langu nimeshaliwasilisha, nikaambatisha kiapo cha binamu, mkataba wa nyumba mpya na picha ya ile bahasha ikiwa bado imefungwa. Jibu halijatoka. Kila asubuhi kabla ya zamu naingiza namba yangu ya A, yaani namba ya jalada langu la uhamiaji, kwenye mfumo wa kesi wa mahakama, naangalia kama kuna tarehe.