Paka stuli yako ya zamani rangi ya chaki

Kama una stuli ya mbao imechakaa usiitupe jamani. Chukua kikombe kimoja cha rangi ya maji, sio ya mafuta, halafu pembeni koroga theluthi ya kikombe cha unga wa POP ule wa mafundi dari na maji baridi kiasi hichohicho mpaka mabonge yaishe kabisa, ndo umimine kwenye rangi, na changanya ya kutumia siku hiyo tu maana ikishaganda haifai tena. Stuli ioshe kwa sabuni ikauke, msasa kidogo, paka koti mbili nyembamba. Ikikauka haing'ai, ukiigusa ni kama ubao wa darasani, hapo sasa sugua kona kwa msasa laini mbao ichungulie, inapendeza sana! Malizia na nta kwa kitambaa, bila nta inashika madoa ya chai fasta.