Bima ya Safari ya Meli kwa Msafiri Mwenye Umri Mkubwa: Soma Nini Kabla ya Kulipa

Mtu wa miaka 70 akianza kutafuta bima ya safari ya meli ya kitalii, kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni bei, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mikataba miwili inaweza kupishana kwa pesa kidogo tu, lakini mmoja ukalipa kila kitu kuanzia kitanda cha zahanati ya meli hadi ndege ya kukurudisha nyumbani, na mwingine ukakuachia bili nzima kwa sababu daktari wako aliongeza dozi ya dawa ya presha wiki sita kabla ya kuondoka. Anza na maswali mawili: mkataba unasemaje kuhusu maradhi uliyo nayo tayari, na ukizidiwa utatolewaje melini? Ukiridhika na majibu hayo, ndipo uangalie mizigo, ndege kuchelewa na mengineyo.

Kwa nini bima uliyo nayo huenda haitoshi

Zahanati ya meli ni huduma ya kulipia. Kuna daktari na wauguzi, kuna dawa, kipimo cha moyo, na kwenye meli kubwa nyingi kuna eksirei, lakini hiyo si hospitali. Upasuaji mkubwa haufanyiki humo. Kila huduma inaandikwa kwenye akaunti ya kabini yako na kukatwa kwenye kadi yako mwisho wa safari. Kampuni ya bima utaidai wewe mwenyewe baadaye.

Bima za afya za nyumbani nyingi huishia mpakani. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa mfano, huweza kulipia matibabu ya lazima melini pale tu meli inapokuwa kwenye bandari ya Marekani au haijafika mbali zaidi ya saa 6 kutoka hapo. Kadi ya GHIC ya Uingereza, ya matibabu kwa wasafiri walio nje ya nchi, hutumika kwenye huduma za afya za umma. Zahanati ya meli ni ya binafsi, na kadi hiyo hailipii kumrudisha mgonjwa nyumbani. Bima inayokuja na kadi ya benki nayo mara nyingi ina ukomo wa umri na kiwango kidogo cha matibabu, kwa hiyo ipigie benki simu uulize kabla ya kuitegemea. Hata bima ya kawaida ya safari inaweza kuwa imeziacha nje safari za meli mpaka uongeze kipengele chake na kukilipia. Tafuta neno “meli” ndani ya mkataba wenyewe. Tangazo halikufungi wala haliifungi kampuni.

Maradhi uliyo nayo: hapa usiwe na haraka

Kabla ya kuomba bei popote, chukua karatasi uandike kila ugonjwa, mwaka ulipogundulika, dawa, dozi, tarehe ya mwisho dozi ilipobadilishwa, kipimo cha mwisho, na miadi inayokuja. Usiandike kwa kukumbuka. Omba kliniki ikuchapishie faili lako, kwa sababu ukidai fidia kampuni italisoma faili hilo, na ulichosema wewe kitalinganishwa na kilichoandikwa na daktari. Watu wengi hushangaa kukuta mle jambo walilolitaja kwa kupita tu, “kifua kinabana nikipanda ngazi”, limeandikwa kama dalili.

Kisha tambua mkataba unatumia utaratibu gani kati ya mitatu iliyozoeleka.

Wa kwanza ni wa kuulizwa maswali. Unataja kila ugonjwa, kampuni inaupandishia bei, inaukubali au inaukataa. Utaratibu huu umezoeleka Uingereza. Kosa la kawaida ni kuacha kile ambacho mtu hakioni kama ugonjwa: kolesteroli, presha “iliyotulia”, kidonge cha kulainisha damu. Ukipata mshtuko wa moyo na hukutaja presha wala kolesteroli, kampuni itasema mambo hayo yanahusiana, na hapo utakuwa na kazi kubwa ya kubishana nayo. Taja pia kipimo ambacho majibu yake hujayapata. Na mikataba mingi ya aina hii hukutaka uijulishe kampuni hali yako ikibadilika kati ya siku uliyokata bima na siku ya kuondoka.

Wa pili ni wa kuangalia nyuma, uliozoeleka Marekani. Hakuna maswali mengi. Kampuni inasema kwamba ugonjwa wowote uliotibiwa, ulioonyesha dalili au uliobadilishiwa dawa ndani ya siku kadhaa kabla ya kukata bima, kwa kawaida kati ya 60 na 180, haufidiwi. Sharti hilo huweza kuondolewa ukikata bima mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipolipa amana ya kwanza ya safari. Kwa msafiri mzee hii ndiyo nafasi ya dhahabu, na ndiyo inayopotea kizembe kuliko zote: mtu analipa amana, anaweka risiti kabatini, anakumbuka bima miezi minne baadaye anapomalizia salio. Weka tarehe ya amana kwenye kalenda siku hiyohiyo. Masharti mengine mawili huambatana na nafasi hiyo. Siku ya kukata bima uwe na afya ya kuweza kusafiri, na uweke bima kwenye gharama yote isiyorudishwa. Ukiongeza tiketi ya ndege au matembezi ya bandarini baadaye, ongeza na bima ndani ya muda uliotajwa.

Wa tatu ni wa “kutulia”, unaotumika sana Kanada. Ugonjwa unafidiwa ikiwa haukubadilika kwa muda fulani kabla ya kuondoka, tuseme siku 90, 180 au 365. Hebu tuuangalie kwa karibu. Mtu anatumia dawa ya presha iitwayo amlodipine, miligramu 5. Siku 40 kabla ya safari daktari anampandisha hadi miligramu 10, presha inashuka vizuri, kila mtu anafurahi. Kwa macho ya mkataba wa siku 90, presha hiyo haijatulia, na akipata kiharusi melini dai lake liko hatarini. Mikataba mingi inahesabu hata kupunguza dozi kama badiliko, jambo ambalo linawaudhi wagonjwa na madaktari vilevile. Kubadilisha dawa ya jina la kampuni kwa ile ya jina la kawaida yenye dozi ileile, kwa kawaida, hakuhesabiwi.

Ona pia siku zinavyohesabiwa. Utaratibu wa pili unarudi nyuma kuanzia siku uliyokata bima, wa tatu kuanzia siku ya kuondoka. Dozi ileile iliyobadilishwa baada ya kukata bima haina neno kwenye ule wa pili, na kwenye wa tatu inaweza kukuharibia. Kama daktari anataka kubadilisha dawa kwa sababu za msingi, badilisha. Bima haitibu. Ila ipigie kampuni simu kabla ya kuondoka, uulize kama kuna ada ya kuongeza ili ugonjwa huo ubaki ndani, na jibu ulipate kwa barua pepe.

Jambo moja zaidi linalosahaulika: maradhi ya watu usiosafiri nao. Ukiwa na dada wa miaka 85 anayelala na kuamka hospitalini, na ukafuta safari kwa ajili yake, mikataba mingi inaupima ugonjwa wake kwa masharti yaleyale. Uliza.

Kutolewa melini

Picha ya helikopta inayomnyanyua mgonjwa kutoka sitaha ni ya kweli, lakini ni nadra. Helikopta haiwezi kwenda mbali sana na pwani, na meli iliyo katikati ya Atlantiki inaweza kuwa siku kadhaa kutoka nchi kavu. Kubadilisha njia huamuliwa na nahodha. Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mgonjwa aliyevunjika nyonga anatulizwa maumivu zahanatini, meli inafika bandari inayofuata, gari la wagonjwa linamsubiri gatini, meli inaondoka jioni bila yeye. Sasa yuko hospitali ndogo ya kisiwani, mkewe yuko hotelini na masanduku mawili, na hakuna anayejua nani analipa.

Ndiyo maana kusafirishwa kunatazamwa peke yake, mbali na matibabu. Ndege ya wagonjwa ya kuvuka bahari inaweza kupita dola 100,000. Kwa maoni yetu, usishuke chini ya dola 100,000 kwa matibabu na 250,000 kwa kusafirishwa, na kwa safari za maeneo ya mbali kama Antaktika pandisha kusafirishwa hadi 500,000. Kama huishi Marekani na meli inapita huko, kiwango cha matibabu kianzie milioni moja, maana bili za hospitali za huko hazina huruma.

Baada ya tarakimu, soma maneno. “Hospitali ya karibu inayofaa” maana yake watakupeleka panapoweza kukutibu na kukuacha hapo mpaka upate nafuu. “Hospitali unayoichagua” au “hospitali ya karibu na nyumbani” ni ahadi kubwa zaidi. Angalia nani anaamua: karibu kila mkataba unataka kituo cha dharura cha bima kiidhinishe kwanza, na ukijikodia ndege mwenyewe hutalipwa. Tafuta pia chakula na malazi ya mwenzako anayebaki nawe, tiketi zenu za kurudi, nauli ya ndugu kuja kukuona ukilazwa siku nyingi, na kusafirisha maiti. La mwisho hakuna anayependa kulisoma, lakini familia ndiyo itakayolihangaikia.

Kufuta safari

Ukifuta safari, kampuni za meli hukata pesa zaidi kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia, na katika wiki za mwisho kwa kawaida hurudishiwi kitu. Jedwali la makato limo kwenye masharti ya tiketi. Weka bima kwenye kile tu kisichorudishwa, maana kuongeza pesa zinazorudishwa ni kununua hewa.

Kipengele cha kufuta safari kwa sababu yoyote huongeza bei, hurudisha kati ya asilimia 50 na 75, kinahitaji kukatwa mapema, na kwa kawaida lazima uifute safari angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Kinafaa kama una ugonjwa ambao mkataba umeukataa. Kama magonjwa yako yote yamekubaliwa, pesa hiyo iongeze kwenye matibabu.

Mpango unaouzwa na kampuni ya meli yenyewe hauna maswali mengi, na huo ndio uzuri wake. Udhaifu: viwango vya matibabu mara nyingi viko chini, fidia inaweza kuja kama vocha ya safari nyingine, na tiketi za ndege ulizonunua kwingine mara nyingi hazimo.

Umri, siku na eneo

Uliza umri unahesabiwa siku ya kukata bima au siku ya kuondoka. Birthdei iliyoangukia katikati inaweza kukutoa nje. Bima ya mwaka mzima ina ukomo wa siku kwa kila safari, na ukomo huo mara nyingi hupungua umri ukipanda. Hesabu tangu unapofunga mlango wa nyumbani hadi unaporudi, usiku wa hotelini ukiwemo.

Eneo lifunike kila bandari. Safari inayoanzia Ulaya na kuishia Karibiani hailindwi na bima ya Ulaya.

Kwa mke na mume, mmoja akiwa na maradhi mengi, linganisha bei ya mkataba mmoja na ya mikataba miwili. Ukitenganisha, hakikisha kila mkataba unamtambua mwingine kama msafiri mwenza, la sivyo mmoja akiugua, mwingine atalazimika kusafiri peke yake au kupoteza pesa.

Vifaa vya kusikilizia, meno ya bandia na kiti cha magurudumu huwekewa viwango vidogo au kuachwa nje kabisa. Fidia ya bandari iliyorukwa au ya kufungiwa kabini kwa amri ya daktari ni ndogo. Usichague mkataba kwa ajili yake.

Ukishalipa

Mikataba mingi hukupa siku 10 hadi 15 za kuusoma na kuurudisha. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo yasiyofidiwa, kisha maana ya maneno, kisha kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai. Kiasi hicho kikiwa kikubwa, bei hushuka. Kwa mzee tunaona ni heri kuongeza kiasi hicho kuliko kupunguza kiwango cha kusafirishwa.

Namba ya kituo cha dharura na namba ya mkataba ziandikwe kwenye karatasi mbili, moja ya mwenzako. Simu huzima na intaneti ya baharini husuasua. Mapokezi ya meli yatakupigia simu hiyo kwa niaba yako. Fika bandari ya kuanzia siku moja kabla. Mikataba mingi hufidia kuachwa na meli pale tu ndege imechelewa kwa saa zilizotajwa, mara nyingi 3 au zaidi, na kwa sababu zilizoorodheshwa.

Ukitibiwa melini, usishuke bila karatasi tatu: bili iliyochambua kila huduma, ripoti ya daktari yenye tarehe na saa, na risiti ya malipo. Kuzipata ukiwa umeshafika nyumbani kunaweza kuchukua wiki nyingi. Bandari ikirukwa, omba barua ya meli inayotaja sababu. Piga simu kituo cha dharura kabla ya kulazwa nchi kavu, au ndani ya saa 24 kama hali haikuruhusu, na andika jina la aliyepokea, saa, na namba ya faili aliyokupa.