Muhogo kinzani kwa batobato bado unaweza kuoza kwa michirizi

Kila msimu wa kuchimba, huku Kibondo, Kakonko na Kasulu mkoani Kigoma swali ni lile lile: bwana shamba, si ulisema hii mbegu ni kinzani, majani yalikuwa safi kabisa, mbona tukikata muhogo ndani una madoa ya kahawia, hata udaga (muhogo wa kuloweka na kukausha) haufai? Ni kwamba kinga ya mmea haiko moja, na mbegu uliyopewa inawezekana kinga yake ni ya ugonjwa wa batobato tu, wakati hayo madoa ya ndani ni ya ugonjwa mwingine, michirizi ya kahawia.

Iko hivi, kirusi cha batobato ni cha DNA, yaani maelekezo yake yameandikwa kwa DNA kama ya muhogo, na hakina mashine yake ya kujinakili, kinatumia ya muhogo wenyewe. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kuwa mihogo yenye kinga inayoitwa CMD2, iliyotoka kwenye mbegu za kienyeji za Afrika Magharibi, ina badiliko dogo sana kwenye jeni ya mashine hiyo hiyo, basi kirusi kikiingia hakizaliani vizuri. Sasa kirusi cha michirizi ya kahawia ni cha RNA, maelekezo ya aina nyingine, kinakuja na maelekezo ya kutengeneza mashine yake, kwa hiyo CMD2 wala haikisumbui.

Hapo muhogo unabaki na silaha nyingine, ambayo karibu kila mmea inayo: unakatakata RNA ya kirusi halafu unabaki na vipande vidogo vya kuitambulia nyingine, kama mgambo anayetembea na picha ya mwizi. Kirusi nacho kina protini za kuvuruga kazi hiyo, ndo maana mbegu nyingi tunazoziita kinzani kwa michirizi ukweli ni vumilivu tu, kirusi kimo ndani kidogo kidogo, mmea unapendeza, we unakata pingili unampa shemeji, na yeye anampa jirani. Hapa ndo tunapoharibu wenyewe, maana inzi weupe hawasafirishi michirizi mbali, safari ndefu kinapanda bodaboda na mzigo wa mashina.

Kwa hiyo ukienda kuchagua mbegu usiangalie kileleni peke yake. Batobato ndo utaiona juu, majani machanga yamejikunja yana mabaka ya njano. Michirizi iangalie chini, kwenye majani yaliyokomaa, njano inafuata mishipa ya jani, wakati mwingine na shina la kijani lina michirizi ya kahawia. Hata hapo usiamini sana, chimba mashina machache sehemu tofauti za shamba, kata muhogo vipande vipande toka kichwani mpaka mkiani, ukikuta doa gumu la kahawia basi shamba hilo lote usichukue mbegu, hata kama mwenyewe anakupa bure.

Mashina nunua kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na muulize wazi hii mbegu inahimili batobato, michirizi, au vyote viwili. Pingili ziwe sentimita 20 hadi 30, nafasi mita moja kwa moja, shamba jipya likae mbali na la zamani. Miezi mitatu ya mwanzo pita kila wiki, lenye dalili ng'oa na mizizi yake, toa nje, usiseme ngoja nione kama litapona, halitapona hilo, na inzi weupe wako hapo hapo wanahama shina kwa shina.