Nebula Juu ya Paa, Malindi Mjini

Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kupiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, juu ya paa la zege la nyumba ya mama, hapa Malindi, hatua chache kutoka barabara ya Lamu. Kusini kuna taa za mahoteli, magharibi taa za barabarani. Watu huniuliza kwa nini nisibebe vyombo hadi Ngomeni kwenye kiza, kule ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970, kwenda kupima eksirei za angani. Mimi huenda huko mara moja moja. Lakini nebula moja inataka saa tatu nne za mwanga, na saa hizo nazipata kwa kupanda ngazi kila usiku mbingu zikiwa wazi.

Kabla ya kulaumu taa, shughulika na stendi, ile inayobeba darubini na kuizungusha kwa mota ifuate nyota. Malindi iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka na ambayo mhimili wa stendi lazima uielekee, iko nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho. Hapo haina nyota ng'avu ya kuionyesha, na Nyota ya Kaskazini ndiyo kabisa, imezama chini ya upeo. Maelekezo mengi utakayoyasoma yanaanza na nyota hiyo. Yaache.

Stendi yangu ni ya mtumba, na skrubu yake ya kuinamisha iligoma kwenye nyuzi 15. Zile 12 zilizobaki nimezipata kwa mbao. Guu moja linatazama kusini, na chini ya miguu miwili ya kaskazini naweka vipande vya mbao vya sentimita 13, kwa kuwa kutoka guu la kusini hadi mstari wa yale mawili ni kama sentimita 60. Stendi nzima inainama. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati, la sivyo upepo wa kaskazi utaiangusha.

Kisha uilinganishe kwa kutazama nyota inavyoteleza. Chagua iliyo karibu na utosi. Mimi hutumia Mintaka, kwenye ukanda wa Orion, kwa sababu iko karibu kabisa na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Zungusha kamera mpaka nyota, ukiisogeza kwa mota mashariki na magharibi, ipite sambamba na ukingo wa skrini. Acha mota ifuate, subiri dakika 5. Nyota ikipanda au kushuka, kosa ni la kushoto na kulia: zungusha skrubu za pembeni kidogo, subiri tena. Usijisumbue kukariri upande. Kuteleza kukizidi, rudi ulikotoka. Ikitulia, nenda kwenye nyota iliyo chini mashariki, urudie, safari hii kwa skrubu ya kupandisha na kushusha. Usiku wa kwanza kazi hii ilinichukua saa mbili. Siku hizi ni dakika 25, na ndiyo dakika ninazozithamini kuliko zote, maana bila hizo kila nyota inatoka kama punje ya mchele.

Sasa taa. Dawa ya kwanza ni kulenga juu. Nebula ya Orion, M42, hupita nyuzi 2 tu kutoka utosini mwetu, na katikati ya Januari inafika hapo saa nne na ushei usiku. Huko juu mwanga wa mji ni hafifu kuliko popote. Dawa ya pili ni filta ya mikanda miwili. Gesi ya nebula haitoi rangi zote kama taa: hidrojeni inatoa wekundu wa nanomita 656, oksijeni kijani cha nanomita 501, na filta hiyo inapitisha hizo mbili tu. Zile za zamani za kuzuia taa za sodiamu usinunue, kwani mwanga mweupe wa LED umeenea kila rangi. Na ukitaka kupiga Kilimia, iondoe filta. Wingu la Kilimia linaakisi tu mwanga wa nyota, na filta italizima.

Dawa ya tatu ni jirani.

"Shikamoo Mama Salim. Naomba kuzima balbu ya nje kidogo."

"Marahaba mwanangu. Zima, lakini ukishuka uniwashie. Baba Salim hutoka alfajiri kwenda baharini."

Darubini yangu ni ya lenzi, milimita 80, na kamera ni ya kawaida. Kwa M42 napiga fremu za sekunde 60 kwa ISO 800 (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga), fremu 120 kwa usiku, kisha 20 za sekunde 5 kwa ajili ya zile nyota nne za katikati, ambazo bila hivyo huungua zikawa doa jeupe. Ukitaka chenga za picha zipungue nusu, fremu ziwe mara nne. Hapa pwani usiku hauna baridi, na kihisi cha kamera kikipata joto huzalisha chenga zake chenyewe. Kwa hiyo piga fremu 30 za giza, kifuniko kikiwa kimefungwa, usiku uleule na kwa sekunde zilezile. Zilizopigwa juzi chumbani chini ya kiyoyozi hazifai.

Nebula ikishavuka utosi, simama karibu, maana mota ikiendelea kuifuata, kamera inaweza kugonga guu la stendi. Mwaka jana nilishuka kunywa chai. Niliporudi mota inanguruma, kamera imebanwa kwenye guu la stendi na waya umechomoka. Fremu 70 zilipotea.

Kurundika fremu, yaani kuziunganisha ziwe picha moja, natumia programu ya Siril, ni ya bure, na mabaki ya mwanga wa mji nayafuta kwa programu ya GraXpert kabla ya kung'arisha chochote. Ukigeuza mpangilio huo, wekundu wa nebula na wa taa vitachanganyika usivitenganishe tena.

Mwisho wa usiku darubini huwa imelowa umande wenye chumvi. Pangusa bomba kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, lenzi usiiguse, iache ndani wazi mpaka ikauke ndipo uifunike. Nikimaliza hapo nashuka kumuwashia Mama Salim balbu yake.