Somo: Bastola ndani ya gari, ikae wapi na itoke lini

Mwaka wangu wa pili hapa Texas nilikuwa natoka Dallas kwenda Austin kwa barabara ya I-35, bastola nimeisukuma chini ya kiti. Karibu na Waco lori la mbele likafunga breki ghafla, nami nikafunga. Gari likasimama, bastola haikusimama. Ilichomoka chini ya kiti, ikapita kati ya miguu yangu, ikatulia nyuma ya kanyagio la breki. Nilijua ilipo niliposikia chuma kikigusa kisigino. Nilijisogeza pembeni, nikawasha taa za hazadi, nikakaa hapo hadi mikono iache kutetemeka.

Tangu siku ile, ndani ya gari langu bastola ina makao mawili tu: mwilini ikiwa ndani ya ala (kifuko cha kuvalia bastola), au ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa. Mfuko wa mlango, kishimo cha vikombe, chini ya paja, ile sumaku wanayobandika pembeni ya usukani, vyote hivyo si makao. Somo hili ni kwa sisi tunaoishi Marekani. Waliopo nyumbani nitawagusia kwenye maswali.

Hatua ya 1: Je, wewe unaruhusiwa?

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu dukani kila kitu kinaonekana rahisi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, utalii au kazi ya H-1B, kuwa na silaha au hata risasi moja, isipokuwa wachache kama mwenye leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi hana mlango kabisa. Mwenye Green Card, yaani ukaazi wa kudumu, sheria hiyo haimzuii, lakini akumbuke kwamba kosa la silaha linaweza kumtoa nchini hata kama ameishi hapa miaka 20.

Halafu kuna sheria ya jimbo. Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi asiye na kizuizi anaweza kubeba bila leseni, na bastola ikionekana ndani ya gari lazima iwe ndani ya ala. Usiichukue hiyo ukaenda nayo New Jersey. Huko ni dunia nyingine.

Hatua ya 2: Ala

Nunua ala ngumu, iliyochongwa kwa ajili ya bastola yako hasa, inayofunika kifyatulio chote. Vile vifuko vya kitambaa laini huminyika, na kinachominya kitambaa kinaweza kuminya kifyatulio. Hapa usibane pesa. Afadhali ununue bastola ya bei ndogo na ala nzuri kuliko kinyume chake.

Hatua ya 3: Jipange ukiwa nyumbani

Vaa ala, ingia garini, funga mkanda, halafu jiangalie. Mkanda wa kiunoni unapaswa kupita chini ya ala, juu ya nyonga, si juu ya bastola. Ukiibeba mbele karibu na kitovu, ukikaa mtutu unaangalia paja, na ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu. Ndiyo maana nikiendesha masafa marefu siivai mbele. Fanya zoezi hili bastola ikiwa haina risasi, mara tano sita, hadi mkono uzoee. Ukigundua inakuchoma ubavu, irekebishe hapo hapo nyumbani. Mtu anayejikunakuna na kuisogeza bastola akiwa kwenye mwendo wa maili 70 anatafuta ajali mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: Kisanduku

Kisanduku kiwe cha chuma, chenye kufuli la namba au la funguo, na kebo nene ya kukifunga kwenye reli ya kiti. Mimi nilipitisha kebo kwenye mguu wa kiti cha abiria, nikaivuta kwa nguvu zangu zote kuona kama itateleza. Iliteleza. Nikaizungusha mara mbili, ikatulia. Kijaribu na chako, usiamini picha ya kwenye boksi.

Tusidanganyane: mwizi mwenye nyenzo na nafasi atakifungua. Kazi ya kisanduku ni kumchelewesha yule anayevunja kioo, anapekua dashibodi na sanduku la katikati ya viti, kisha anakimbia. Hao ndio wengi.

Na kuna watoto. Aprili 2016, mjini Milwaukee, bastola iliteleza kutoka chini ya kiti cha dereva hadi nyuma alikokuwa mtoto wa miaka miwili. Mtoto aliiokota, akafyatua, risasi ikapenya kiti na kumuua mama yake aliyekuwa akiendesha. Ni mtelezo uleule wa Waco, tofauti ni kwamba yangu ilielekea mbele.

Hatua ya 5: Kushuka

Hapa ndipo wenzetu wengi hupoteza silaha. Unafika dukani, unaona kibao kinachokataza bastola, unaivua palepale kwenye maegesho huku watu wanne wanakuangalia. Umeshamwambia kila mtu kilichobaki garini.

Kama unajua unakokwenda hairuhusiwi, iweke kisandukuni kabla hujaondoka nyumbani. Kama imekubidi uivue njiani, simama mahali pengine kabla hujafika, na utoe ala nzima pamoja na bastola ndani yake, kama yai ndani ya ganda. Mtutu usimwelekee mtu, kidole kiwe mbali. Funga kisanduku, funika kwa nguo ya kawaida, funga milango, ndipo uendelee. Colorado, tangu Januari 2025, sheria yenyewe inadai bastola inayoachwa garini iwe ndani ya kasha gumu lililofungwa, lisionekane, na gari lifungwe pia.

Usiku haibaki garini. Na zile stika za bunduki kwenye kioo cha nyuma, zibandue. Ni tangazo la bure kwa mwizi.

Hatua ya 6: Kuvuka mpaka wa jimbo

Sheria ya shirikisho ya 1986 inamlinda msafiri anayepita jimbo asiloruhusiwa kubeba, kwa masharti. Kumiliki na kubeba kuwe halali unakotoka na unakokwenda. Bastola iwe tupu. Bastola na risasi visiweze kufikiwa kwa urahisi kutoka wanakokaa abiria, yaani vikae kwenye buti. Gari lisilo na buti lililotengwa, kama SUV, pikapu au kichwa cha trela, linahitaji kasha lililofungwa kwa kufuli, na sheria inasema wazi kwamba dashibodi na sanduku la katikati ya viti havihesabiki hata vikiwa na kufuli.

Neno "kupita" lichukue kwa uzito. Mwaka 2005 msafiri kutoka Utah aliyekuwa akipitia uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey, alichelewa ndege ya kuunganisha, akakabidhiwa begi lenye bastola, akalala nalo hotelini. Asubuhi aliporudi uwanjani alikamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, akashtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema usiku ule hotelini bastola ilikuwa ndani ya ufikio wake, kwa hiyo ulinzi wa sheria haukumfunika. Ukipita majimbo ya kaskazini mashariki, weka mafuta, kula, endelea.

Hatua ya 7: Ukisimamishwa na polisi

Zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, shusha kioo, weka mikono miwili juu ya usukani na uiache hapo. Leseni ya udereva na bima visikae karibu na bastola. Mimi naviweka kwenye kikinga jua, juu ya kioo cha mbele.

Majimbo hayafanani. Mengine yanakutaka useme mwenyewe mara moja, mengine ukiulizwa tu. Texas, mwenye leseni ya kubeba aliye na bastola anapaswa kuionyesha anapoombwa kitambulisho. Mimi husema kila mara, na maneno yangu nimeyapanga: "Afande, nina leseni ya kubeba, na ninayo. Mikono yangu iko hapa. Ungependa nifanye nini?" Sitangulizi neno bastola. Sisogezi mkono hadi aniambie, na kabla sijausogeza natamka ninachofanya.

Wapo watakaosema nawatisha. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, na alikuwa na kibali chake. Polisi alimfyatulia risasi saba, tano zikampata na kumuua, akiwa amefunga mkanda, mpenzi wake na mtoto wa miaka minne wakiwa garini. Polisi yule aliachiwa huru na baraza la mahakama mwaka 2017. Kwa hiyo najua kwamba kufuata utaratibu hakukuhakikishii chochote, hasa kwa rangi yetu. Lakini mikono iliyo usukanini ni kitu kimoja nilicho na uwezo nacho.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada wa Columbus: Kaka, mimi naiweka kwenye mkoba wangu kiti cha mbele, watoto wako nyuma wamefungwa mikanda. Kuna ubaya?

Upo, dada yangu. Mkoba unaanguka, mkoba unapekuliwa na mtoto anayetafuta pipi, mkoba unanyakuliwa. Ukiwa na watoto, kisanduku. Kama lazima iwe mkobani, uwe mkoba wenye mfuko maalumu wa silaha, ala ngumu ndani, hakuna kitu kingine mfuko huo, na mkoba usiondoke mwilini mwako.

Mwanachama wa Houston: Nikienda kumchukua mtoto shuleni nafanyaje? Sina leseni maana Texas haidai tena.

Swali zuri kuliko yote. Sheria ya shirikisho ya 1990 inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka uwanja wa shule, karibu mita 300. Mwenye leseni iliyotolewa na jimbo hilo hilo ilipo shule amesamehewa. Wewe huna leseni, una ruhusa ya kutokuwa nayo, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwako njia ni bastola tupu ndani ya kasha lililofungwa, au kuiacha nyumbani. Au kachukue leseni, bado wanatoa.

Kijana wa Indianapolis: Shikamoo mzee. Niko kwa F-1, viza ya masomo. Binamu yangu ana leseni, akiacha bastola yake garini kwangu wikendi moja tu kuna shida?

Marahaba, mwanangu. Shida ni kubwa, na itakuwa yako. Kinachokatazwa si kununua tu, ni kuwa nayo. Mrudishie leo, aje mwenyewe aichukue.

Dereva wa trela: Je, sisi wa masafa marefu? Kampuni inasema hairuhusiwi, wenzangu wanasema sheria inaruhusu.

Wote wako sahihi. Hakuna kanuni ya usafirishaji ya shirikisho inayomkataza dereva wa lori kuwa na bastola, lakini kampuni inaweza kukukataza na kukufukuza kazi. Kitanda cha nyuma kichukulie kama sehemu ya abiria, kwa hiyo ukipita majimbo magumu ni kasha lenye kufuli. Ukiwa na mzigo wa Kanada, bastola haivuki. Usijaribu hata kuuliza mpakani ukiwa nayo.

Mwanachama wa Nairobi: Mimi nina cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha. Hatua hizi zinanifaa?

Ala, mkanda na kisanduku, ndiyo, chuma ni chuma popote. Mambo ya majimbo hayakuhusu. Fuata masharti ya cheti chako.

Dada wa Columbus tena: Kila nikiiweka kisandukuni naitoa risasi kwanza, nikirudi naijaza. Nachoka.

Acha. Kujaza na kutoa ndani ya gari, mahali pembamba, mara nne kwa siku, ndiko risasi zinakofyatuka. Kwa safari za mjini peleka ala nzima bila kuigusa bastola. Kwa safari ya majimbo itoe risasi nyumbani, mara moja, mtutu ukielekea mahali salama. Na namba ya silaha iandike kwenye daftari libaki ndani, ikiibwa polisi watakuuliza hiyo kwanza.